Mlima Uliolazwa Usingizi

Ulikuwa unaangalia wapi wewe? Picha uliletewa. Ulioneshwa mchanga mweupe, maji ya rangi ya kito, na mwanamke mwenye koti jeupe ameshika sinia la vinywaji. Ukasema pazuri. Hukuuliza barafu ile imetoka nchi gani, wala yule mwanamke akitoka kazini anakwenda kula nini. Nyuma yake, kwenye picha hiyohiyo, palikuwa na ukuta, na juu ya ukuta ncha ya turubai la bluu. Jicho lako lilipofika pale likageuka. Leo halitageuka. Leo tunaanza na turubai.

Chini ya turubai hilo palikuwa na majimbi, mashelisheli na ndizi za kupika, na juu yake tabaka la maganda ya nazi, maana mchuuzi wa kisiwa cha Montabel hasemi amebeba nini. Mama yake hakusema, bibi yake hakusema. Tangu enzi za ofisa wa forodha mwenye fimbo hadi enzi hizi za lango lenye macho, mzigo wa Montabel ukiulizwa jina huitwa maganda ya kuwashia moto. Lango lilikubali. Lango halijawahi kuwasha moto.

Marcelline Joachim, mwenyekiti wa wachuuzi hao, mwanamke mwenye mabega ya mtu aliyebeba magunia tangu utotoni, aliegesha mashua yake asubuhi kweupe nyuma ya Ufukwe, ule mchanga wa kwenye picha, kwenye kisiwa cha jirani cha Sentaviye, penye mlango wa takataka. Wachuuzi walipokelewa hapo. Mbele hapakuwa pao.

"Bi Marcelline, maganda yako leo mazito," alisema Anselm, mpishi wa jiko la wafanyakazi, akiinua gunia huku akiguna.

"Yamelowa."

"Yamelowa mpaka yameota mizizi."

"Wewe umeajiriwa kupokea au kuchunguza? Nilipe niondoke. Jiko lenu linanuka kuku wa barafu."

"Kuku ni wa wageni, mama. Sisi twala maganda yako."

Alisema kwa mzaha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mshahara wa koti jeupe haukuweza kununua chakula cha duka la Ufukwe. Mgeni alilipa kwao kabla hajapanda ndege. Walewale aliowalipa ndio waliomiliki vitanda, na ndio waliowauzia watu wa Sentaviye kuku, mchele, hata maji ya kunywa. Fedha ya mgeni ilipita Sentaviye kama abiria anayebadilisha ndege: inaonekana kwenye dirisha la kioo, inapunga mkono, inaondoka.

Marcelline aliyajua hayo. Aliyaona kila wiki kwa macho yake mwenyewe. Lakini siku ile, kama siku nyingine zote, hakuwa anatazama jiko. Alikuwa anachungulia kwenye upenyo wa ukuta, akimtafuta mdogo wake, aliyehamia Sentaviye zamani.

Akamwona. Ursuline alikuwa anapita kwenye mchanga na kundi la wageni, koti limepigwa pasi mpaka linakata, nywele zimebanwa kwa kibanio cha fedha. Alikuwa anacheka. Alipofika usawa wa upenyo aligeuza uso kidogo, macho ya dada mtu na ya mdogo mtu yakakutana, na Ursuline akaendelea kutembea kana kwamba ameona ndoo.

Marcelline alirudisha turubai mahali pake. Akalivuta tena, ingawa lilikuwa limekaa sawa.

"Unaumwa?" akauliza Anselm.

"Naona vizuri tu," akajibu Marcelline.

*

Ule Ufukwe haukuwa meli wala kisiwa. Ulikuwa mchanga hai, uliofugwa kwenye matangi ya ng'ambo kutokana na chembe za matumbawe, kila chembe ikimshika mwenzake na kumwachia kwa amri. Ulitambaa juu ya bahari ukiwa na mahoteli mgongoni, taratibu kama konokono, na ulipofika kwenye kisiwa ulichokichagua uliingiza vidole vyake kwenye miamba na kujifanya umezaliwa hapo. Kichwani mwake, kama tukiita kichwa, ilikaa akili iliyoitwa Urari. Urari ndio uliochagua.

Miaka tisa iliyopita ulichagua Sentaviye. Tangu siku hiyo watu wa Montabel walianza kuishi wakitazama upande mmoja. Waligeuza mabenchi ya kanisani nje, waligeuza viti vya baa, na mtu akijenga nyumba aliweka madirisha yote upande wa mkondo uliotenganisha visiwa, ili aumie vizuri. Weupe wa ule mchanga ulionekana kutoka kila kona. Watu walijua mabati mapya ya Sentaviye kwa hesabu, nani kapaka rangi, nani kaongeza ghorofa. Mvua ikinyesha kule walisema hata mvua ya kule ina adabu, inanyesha wageni wakiwa wamelala.

Na kumbuka, hawa si watu walioanza jana kuahidiwa. Waliambiwa pandeni miwa, wakapanda, miwa ikafa na wenye viwanda wakaondoka na vyuma vyao. Wakaambiwa pandeni ndizi za kusafirisha. Wakapanda, hadi siku moja watu waliokaa meza ya mbali wakaamua kwamba ndizi za visiwa vidogo zimepinda vibaya. Wakaambiwa subirini meli za starehe, na meli zikaja, zikashusha watu wanaonunua chupa moja ya soda na kurudi kula melini. Kila mara aliyeahidi alikuwa na suti mpya. Na kila mara kilichobaki ni mlima, uliowalisha bila kuombwa, wakauzoea hadi wakaacha kuuona.

Marcelline naye alikuwa ameacha kuuona. Ursuline alipomtumia manukato kutoka Ufukwe, alimpaka mbwa ili kupe watoke. Majirani walipouliza habari za mdogo wake, alijibu, "Amekuwa mweupe." Lakini kila jioni, akimaliza kuosha magunia, alikaa kwenye benchi lililogeuzwa na kulitafuta paa moja kule ng'ambo linalometameta kuliko mengine. Hakutaka Ursuline adhurike. Alitaka Ufukwe uje upande huu, na Ursuline akae kwenye benchi kule, atazame.

*

Waziri Ignatius Belmar aliitisha mkutano kwenye banda la soko. Alikuja na Bi Tavernier, wakala wa Ufukwe, mwanamke mpole aliyezungumza kama daktari anayekuambia sindano haitauma.

"Ufukwe unahama," alianza Waziri. "Sentaviye muda wao umekwisha. Wanachagua kati yetu na visiwa vingine viwili. Mama zangu, safari hii ni yetu."

Banda zima likashusha pumzi kwa pamoja.

Bi Tavernier akaeleza. Urari hupima kila kisiwa kinaagiza nini kutoka nje na kinatoa nini. Hutuma vihesabio vidogo, wenyeji wanaviita vipepeo, vinavyotua kwenye majani, kwenye masufuria, kwenye midomo ya watoto waliolala. Kisha huenda penye pengo kubwa zaidi, kule kunakoagizwa kila kitu na kusikotoka kitu. "Urari unakwenda penye uhitaji," alisema. "Kwa bahati mbaya, Montabel bado inajilisha kidogo. Pengo lenu ni jembamba."

"Kwa hiyo kosa letu ni kushiba?" aliuliza Bi Teodora, mzee wa wachuuzi, kutoka safu ya nyuma. Watu wakacheka.

"Si kosa, mama. Ni takwimu."

"Aa. Takwimu. Nilidhani ni kosa."

Bi Tavernier alingoja kicheko kipite. Akatoa mfuko mweupe, akautia mkono, akanyunyiza chembe kidogo kwenye mche wa jimbi uliokuwa kwenye kopo mezani. Jani pana la jimbi likajikunja taratibu kutoka ncha hadi shina, likajiviringa kama mkeka, likatulia. Halikunyauka. Lilikuwa bado kijani kibichi.

"Limelala," alisema. "Haliumwi. Vumbi hili huilaza mimea ya chakula, vipepeo vikipita vinahesabu jangwa. Nusu ya mlima ikilala, Ufukwe unaanza safari kuja kwenu. Nusu ya pili ikilala, unashika mwamba. Baadaye tunaiamsha." Akagusa kidude cha kupigia mlio shingoni mwake. Hakuna aliyesikia kitu, lakini jani likajikunjua, likatikisika, likasimama.

Watu walipiga makofi. Bi Teodora hakupiga.

"Mlima wa nani huu?" aliuliza.

"Wenu, mama."

"Na huo mlio wa kuuamsha ni wa nani?"

"Ni mali ya kampuni. Lakini mkataba una kifungu cha kuamsha. Kwa ada nafuu."

"Kwa hiyo nikitaka kuchimba jimbi langu nitakulipa wewe uliite."

"Utakuwa huhitaji jimbi tena, Bi Teodora," alidakia Waziri. "Utakuwa unakula kuku."

"Kuku yupi, Mheshimiwa? Huyu wa kwangu anayetembea, au yule wa barafu aliyekufa kabla sijazaliwa?"

Wakacheka tena, lakini macho yao yalikuwa kwenye mfuko. Na hapa, ndugu msomaji, tega sikio, kwa maana hapa ndipo walipopotea. Kila mchuuzi ndani ya banda lile alijua kitu ambacho Waziri hakukijua, wala Bi Tavernier, wala Urari na vipepeo vyake vyote. Alijua kwamba Sentaviye, kisiwa kizima nyuma ya ule mchanga mweupe, kinakula kutoka mlima wa Montabel. Wangelisema hilo, Waziri angelazimika kuuliza watu wa Sentaviye watakula nini mlima ukilala, na kwa nini kisiwa chenye Ufukwe kinahitaji majimbi ya jirani. Swali hilo lingelivunja lile kopo mezani. Lakini kulisema ni kutaja mzigo mbele ya mtu wa serikali, na mchuuzi wa Montabel hataji mzigo. Wakatazamana. Waliyafunika maganda ya nazi yaleyale juu ya chakula cha watu elfu kadhaa, kwa mazoea tu.

Waziri akamgeukia Marcelline. "Mwenyekiti. Wachuuzi wakikubali, wakulima watakubali. Neno lako."

Marcelline alisimama. Moyoni alijua vizuri kuliko wote, kwa sababu ni yeye aliyebeba. Lakini mbele ya macho yake palikuwa na koti jeupe linalopita kwenye upenyo wa ukuta, na uso unaogeuka.

"Tumekaa tukitazama sherehe ya watu muda mrefu mno," alisema. "Tulaze."

*

Siku ya pili yake Ursuline alivuka mkondo chini ya turubai, amelala katikati ya magunia matupu ya mchuuzi mwingine. Alishukia nyuma ya nyumba ya dada yake akiwa na koti lake jeupe lililopakaa matope, kibanio kimelegea.

"Shikamoo, dada."

Marcelline alikuwa anakata kuni. Hakuacha. "Kumbe una sauti. Juzi nilidhani umeipoteza."

"Ningekusalimu pale wangejua mashua ni ya nani. Kuta za kule zina masikio. Nilitaka uendelee kuleta."

"Ulitaka mchuuzi wako asikuaibishe mbele ya wageni."

"Hilo pia," alisema Ursuline. "Sitakudanganya. Nilikuona na gunia lako, nikaona aibu. Nikageuka. Niseme nini tena?"

Marcelline alilitua shoka. Hakulitegemea jibu hilo, na lilimkera zaidi kuliko uongo.

Ursuline akakaa kwenye gogo. Akaomba chakula. Dada mtu akamtolea shelisheli lililochomwa asubuhi, lililobaki na majivu yake. Ursuline alilipasua kwa vidole na kula haraka, akilamba kiganja, hata lile ganda lililoungua akalitafuna. Mwanamke mwenye kibanio cha fedha alikula kama anayeogopa kunyang'anywa.

"Na sisi walitulazia mashamba," alisema alipomaliza. "Kabla Ufukwe haujaja. Mwaka wa kwanza waliamsha, kwa ada. Mwaka wa pili ada ikapanda. Mwaka wa tatu tukaambiwa tulipe kwanza deni la maji. Siku waliyokuja kupiga mlio, majimbi yalikuwa yameoza chini. Juu kijani, chini uji. Mmea ukilala sana unasahau, dada. Hatuna shamba kule. Hatuna hata shina moja. Tunakula kwenu."

"Nyumba yako ina paa jipya."

"Nimekopa kwa Ufukwe. Ukiondoka, paa linaondoka nao."

"Basi ndilo linalokuuma. Paa."

"Marcelline."

"Hujawahi kuvuka kuja kuniona. Mama amezikwa hukuvuka. Leo Ufukwe unakuja kwangu ndiyo umekumbuka njia. Umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Unataka niendelee kuingilia mlango wa takataka, wewe upite mbele."

Ursuline alijifuta majivu midomoni. Alikuwa na macho ya mtu aliyebishana na mawe. "Unajua nilichokuwa nakionea wivu?" alisema. "Mabega yako. Kila nikikuona unashusha gunia nasema, yule anatoka mahali penye chakula. Mimi nabeba sinia la watu, nikirudi nyumbani nakunywa maji niliyokopa. Ufukwe uchukue. Uchukue wote, na wageni wake. Mlima usiulaze. Tukikosa huu, sisi na ninyi tutakuwa tunatazamana tu, kila mmoja na sufuria lake tupu."

"Maneno matamu. Mmefundishwa kuongea na wageni."

Basi Ursuline akainuka. Alivua lile koti jeupe, akalikung'uta matope kadiri alivyoweza, akaliweka juu ya gogo, akabaki na gauni lake la ndani la pamba. "Unachokitaka ni hiki," alisema. "Chukua. Sasa hatuna tena cha kugombania." Akateremka kwenye mashua, akalala tena katikati ya magunia.

Marcelline aliliacha koti pale. Alimaliza kukata kuni. Akapanga kuni. Akafagia mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Kisha akalichukua, akaingia nalo ndani, akalivaa mbele ya kioo chenye ufa. Lilimbana kidogo mabegani, lakini kifuani lilikaa sawasawa. Alijigeuza upande huu na upande ule. Alitabasamu lile tabasamu la kule. Alijipenda. Miaka yote hiyo hakuna nguo iliyowahi kumfanya ajipende kiasi kile, na chuki aliyoisikia kwa mdogo wake, badala ya kupungua, ilipata mahali pa kukaa, ikakaa.

Alitoka nalo mwilini, akauchukua mfuko wa vumbi, akapanda.

*

Walilaza bonde la chini kwanza. Wakulima walimfuata mwenyekiti wao safu kwa safu, kila mtu na konzi yake ya vumbi, wakiimba kidogo mwanzoni. Kisha wakaacha kuimba. Majimbi yalijiviringa. Viazi vikuu vikaachia miti yao viliyoishikilia na kulala chini kama nywele zilizokatwa. Mishelisheli mikubwa, iliyokuwa na kivuli cha kutosha harusi, ilikunja majani yake moja baada ya jingine hadi jua likapenya na kuwapiga watu vichwani mahali ambapo hawakuwahi kupigwa na jua. Mlima ulikuwa kijani bado, lakini kijani kilichofungwa. Upepo ulipopita haukutoa sauti yoyote.

"Umenyamaza," mtu mmoja alisema.

"Umelala," Marcelline alimrekebisha.

Vipepeo vikaja, vikatua, vikaondoka. Kesho yake ule weupe uliokuwa ng'ambo ulianza kusogea. Montabel yote iliteremka pwani. Watu walisimama juu ya mabenchi. Ufukwe ulichomoa vidole vyake kutoka kwenye miamba ya Sentaviye, ukaingia kwenye mkondo na mahoteli yake na taa zake na muziki wake, ukija. Waziri alikuwa anapeana mikono na kila mtu, hata na wasiompigia kura. Bi Tavernier alimwendea Marcelline, akaona koti, akainua nyusi.

"Umewahi," alisema kwa upole. "Hilo bonde la juu nalo, basi. Likilala leo, kesho unashika mwamba."

Marcelline alikuwa hamsikii. Alikuwa anatazama mahali Ufukwe ulipotoka. Miaka tisa, hata alipoteremkia mlango wa takataka, kuta na mahoteli vilimficha uso wa Sentaviye wenyewe. Sasa uliachwa wazi: mwamba mweusi, mabomba yaliyokatika, na juu yake miteremko ya mashamba yenye mimea iliyokunjwa kama mwavuli na kusahauliwa, kahawia, mteremko juu ya mteremko, hadi kileleni. Hakukuwa na jani lililotikisika. Aliugeukia mlima wake, kisha akatazama ule, kisha akarudi kwa wake. Ilikuwa picha moja, ila rangi.

Kisha akaona mashua.

Zilikuja kwa kuuzunguka Ufukwe, nyingi, mashua za watu ambao hawakuwahi kuvuka kwa sababu Montabel iliwavukia. Hawakuja na fujo. Walikuja na magunia matupu yaliyokunjwa vizuri, kama wanavyokuja watu sokoni. Anselm mpishi alikuwemo. Alipoteremka aliita kwa sauti ya kawaida, mbele ya Waziri, mbele ya wakala, mbele ya kila mtu: "Bi Marcelline, tumekuja wenyewe kuchukua majimbi. Wiki hii hukuleta."

Waziri aligeuka. "Majimbi gani?"

Wachuuzi wakageuza nyuso. Mazoea yalikuwa yamewashika hata hapo.

Ursuline alikuwa kwenye mashua ya mbele, na gauni lake la pamba. Alipanda ngazi za gati, akasimama mbele ya dada yake. Aliutazama mlima uliofungwa. Kisha akamtazama dada yake kuanzia kola hadi kifungo cha chini. Akanyoosha mkono, akamwondolea chembe ya vumbi jeupe begani.

"Limekukaa vizuri, dada," alisema.

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Hilo ndilo lililomshinda Marcelline. Angetukanwa angejibu. Alisimama pale amevaa kitu alichokitaka kuliko vyote, mbele ya mtu yule ambaye siku zote alitamani amwone hivyo, na mtu huyo alikuwa na njaa.

"Mheshimiwa," Marcelline alisema, akimtazama mdogo wake, si Waziri. "Majimbi yao. Yako chini ya maganda ya nazi. Yamekuwa hapo siku zote. Kisiwa chote kile kinakula kwetu."

Bi Teodora akafumba macho. Waziri akamgeukia Bi Tavernier. Bi Tavernier peke yake ndiye aliyebaki na utulivu. Alisema kwamba hayo ni mambo ya kuzungumzwa baadaye, kwamba Ufukwe uko njiani, kwamba bonde la juu lilazwe kwanza, na tafadhali mwenyekiti akabidhi mfuko kama amechoka, wapo watakaomalizia. Na watu wa Montabel, waliosikia kila neno, waliitikia kwa kichwa. Walikuwa wanaona taa. Zilikuwa karibu sana sasa, hata muziki ulikuwa na maneno.

Marcelline hakukabidhi. Aliushika mfuko kwa mikono miwili, akawapita, akaingia njia ya mlimani. Alipita bonde la chini lililolala. Alipanda hadi pale njia inapobana katikati ya mawe mawili, mlango wa bonde la juu, ambako majani bado yalikuwa yanapiga kelele kwa upepo. Aliuweka mfuko chini njiani, akaukalia. Koti lilikuwa limepasuka mabegani.

Ufukwe umesimama katikati ya mkondo, unangoja. Huko chini wameanza kupanda: majirani zake wamo, wachuuzi wake wamo, wana haki zao zote za hasira na hawana nia mbaya, wanataka mfuko tu. Anawajua kwa majina. Ursuline yuko nyuma yake kwa hatua chache, ana njaa, na wanawake wawili hawawezi kuziba njia. Mawe yana nafasi ya watu wengine, na mlima wa namna hii uko pia karibu na nyumba yako, na mtu mpole mwenye mfuko mweupe ameshaitisha mkutano. Inuka sasa hivi, kabla hawajafika kwenye kona ya mwisho. Panda, ukae na wanawake hao wawili.